Josh White, Mwimbaji Aliyeongoza Vipofu

Kipofu na mtoto

Siku moja kipofu alitaka kuvuka barabara katika mji wa Greenville. Mji huo uko Marekani, upande wa kusini, katika jimbo la South Carolina. Mtoto mmoja mweusi alimwona. Akamshika mkono, akamvusha salama.

Mtoto huyo aliitwa Joshua White. Watu walimwita Josh. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1914. Siku ile alikuwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Kumvusha kipofu ni jambo dogo. Kila mtoto mwenye adabu angelifanya. Lakini kwa Josh jambo hilo lilibadili maisha yake yote. Lilimtoa kwao. Lilimfundisha kupiga gitaa. Mwisho lilimfikisha mpaka Ikulu ya Rais wa Marekani. Pia lilimwonyesha mambo ambayo mtoto hafai kuyaona.

Habari za baba yake

Kwanza yatupasa kujua habari za baba yake. Jina lake lilikuwa Dennis White. Alikuwa mhubiri. Mke wake aliitwa Daisy. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya dini. Nyimbo za kanisani ziliimbwa humo asubuhi na jioni. Nyimbo za dunia hazikuruhusiwa. Zilihesabiwa kuwa nyimbo za shetani.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Lakini majimbo ya kusini yaliweka sheria za ubaguzi. Mtu mweusi alikuwa na shule yake mbali, na Mzungu shule yake. Katika magari ya abiria watu weusi walitengwa. Hata bomba la maji ya kunywa lilitengwa. Mtu mweusi akigombana na Mzungu hakupata haki, hata kama kosa lilikuwa la yule Mzungu.

Mwaka 1921 Mzungu mmoja mtoza madeni aliingia nyumbani kwa Dennis White. Akatema mate sakafuni. Fikiri, msomaji: mgeni anaingia nyumbani kwako, mbele ya mkeo na watoto wako, anatema mate ndani. Dennis alimshika ukosi wa shati, akamtoa nje.

Mtoza madeni akaenda akarudi na askari. Wakampiga Dennis mbele ya watoto wake. Wakamburuta, wakamchukua. Tangu siku ile hakuwa mzima tena. Baadaye alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alifia huko mwaka 1930.

Mama Daisy akabaki peke yake na watoto. Basi yule kipofu alipomjia na kumwomba mtoto wa kumwongoza njia, mama alifikiri mambo mawili. La kwanza, kumsaidia kipofu ni kazi ya Mungu. La pili, kipofu alikubali kuleta fedha kidogo kila juma. Mama akamtoa mtoto.

Miaka ya barabarani

Kipofu huyo aliitwa Arnold. Kazi yake ilikuwa kuimba barabarani ili apate sadaka. Wakati ule vipofu wengi wa kusini mwa Marekani walipata riziki kwa njia hiyo. Kila mmoja alihitaji mtoto wa kumshika mkono.

Kazi ya Josh ilikuwa kuongoza njia, kupiga tari na kukusanya senti. Alilipiga tari juu ya kiwiko, juu ya goti na juu ya kichwa, ili watu wafurahi na kusimama. Kisha aliligeuza juu chini, akawapitishia watu watie fedha. Lakini fedha hizo hazikuwa zake. Arnold alimvika nguo mbovu na kumwacha miguu mitupu, hata siku za baridi kali, ili watu wamwonee huruma na kutoa zaidi. Mara nyingi alilala njaa. Mara nyingi alilala mashambani au katika banda la farasi.

Arnold aliona kwamba mtoto huyu ana akili na analeta fedha. Akaanza kumkodisha kwa vipofu wengine, kama mtu anavyokodisha baiskeli. Josh alizunguka majimbo mengi na vipofu wengi, kwa miaka mingi. Shule aliipata kidogo kidogo tu, mji huu na mji ule.

Hata hivyo alipata elimu ya namna nyingine. Wapiga gitaa wale walikuwa mafundi. Josh alitazama vidole vyao. Walipolala, alilichukua gitaa taratibu akajaribu. Kila kipofu alikuwa na nyimbo zake na namna yake ya kupiga. Josh akazichukua zote kichwani. Alipokuwa kijana mdogo, tayari alikuwa anajua nyimbo ambazo watu wazima hawakuzijua.

Katika safari hizo, katika jimbo la Georgia, aliona jambo ambalo hakulisahau mpaka kufa. Yeye mwenyewe alilisimulia mara nyingi. Usiku mmoja, akiwa amelala nje na kipofu wake, alisikia kelele za watu wengi. Akachungulia. Kundi la Wazungu lilikuwa limewakamata watu weusi wawili, likawaua kwa mateso. Hapakuwa na mahakama wala hakimu. Katika kundi lile walikuwamo wanawake na watoto, wanatazama kama watu wanaotazama ngoma. Josh hakuthubutu kupiga kelele wala kukimbia. Karibu yake alikuwapo mtu asiyeona kitu, anamtegemea yeye.

Majina mawili

Mwaka 1928 Josh aliingia katika chumba cha kurekodi kwa mara ya kwanza, huko Chicago. Chicago ni mji mkubwa wa kaskazini. Alikwenda na mwimbaji mmoja aliyemwongoza, aitwaye Joe Taggart. Josh alipiga gitaa na kuitikia. Sauti zao zikatiwa katika santuri.

Baadaye wenye kampuni ya santuri ya New York walimkumbuka kijana yule. Wakamtafuta mpaka nyumbani kwa mama yake. Josh alikuwa bado hajafikia umri wa kutia sahihi mwenyewe. Mama alikubali kwa sharti moja: mwanawe aimbe nyimbo za Mungu tu.

Josh akaenda New York mwaka 1932. Akaimba nyimbo za dini. Lakini kampuni ilitaka pia bluzi. Bluzi ni nyimbo za Wamarekani weusi, zinazoeleza dhiki, safari, kazi na mapenzi. Mama angesemaje? Basi wakatafuta ujanja. Nyimbo za dini zilitoka kwa jina la Joshua White. Bluzi zilitoka kwa jina jingine, Pinewood Tom. Wanunuzi wengi walidhani ni watu wawili.

Mkono uliokufa

Mwaka 1936 Josh aliumia. Kioo kilimkata vibaya mkono wa kushoto. Kidonda kikaoza. Madaktari wakamshauri akatwe mkono. Akakataa. Wakamshauri tena. Akakataa tena.

Kidonda kilipona, lakini vidole havikusogea. Mpiga gitaa huzibana nyuzi kwa mkono wa kushoto. Bila vidole hivyo, gitaa ni sanduku tu. Wakati huo Josh alikuwa ameoa. Mke wake aliitwa Carol. Akafanya kazi yoyote aliyoipata. Alikuwa kuli bandarini. Aliendesha lifti, yaani mtambo unaopandisha watu katika majumba marefu. Alitunza jumba la wapangaji.

Lakini kila siku aliuminya mpira mdogo katika kiganja chake. Aliuminya akiwa kazini, akaminya akiwa nyumbani. Miezi ikapita, hakuona mabadiliko. Kisha usiku mmoja, akicheza karata na rafiki zake, vidole vikasogea. Akaacha karata, akaenda kuchukua gitaa.

Watu husimulia jambo jingine kuhusu karata. Mwanamuziki mmoja, Leonard de Paur, alikuwa anatafuta waimbaji kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Alikuwa amezisikia santuri za Joshua White na santuri za Pinewood Tom. Akawatafuta wote wawili bila kufanikiwa. Kumbe alikuwa anacheza karata na mtu huyo huyo mezani!

Mchezo huo ulikuwa habari za John Henry, mfanyakazi shujaa wa reli anayetajwa katika nyimbo za zamani. Ulionyeshwa New York Januari 1940. John Henry aliigizwa na Paul Robeson. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito na elimu kubwa. Alipokaa London alijifunza lugha kadhaa za Kiafrika, na Kiswahili kikiwamo. Josh aliigiza mwimbaji kipofu. Miaka mingi aliwaongoza vipofu, na sasa alikuwa kipofu wa jukwaani. Mchezo haukudumu. Ulifungwa baada ya siku chache. Lakini watu wa New York walikuwa wamemwona Josh White.

Nyimbo za wengine

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo ilipo kazi yake.

Josh hakuwa mtungaji mkubwa. Nyimbo nyingi alizojulikana nazo zilitungwa na watu wengine. Nyingine zilikuwa za zamani, hazina mwenyewe. Wapo waliomlaumu kwa sababu hiyo. Lakini kuuchukua wimbo wa mwingine na kuufanya uwaguse watu upya si kazi ndogo. Mpishi hakulima mchele, lakini wali mzuri ni wake.

Josh aliimba taratibu. Kila neno lilisikika wazi. Aliyeketi nyuma kabisa alilisikia kama aliyeketi mbele. Aliuvuta uzi wa gitaa mpaka ukalia kama mtu. Pale wengine walipopiga kelele, yeye alinyamaza, watu wakangoja. Alipenda kusimama na mguu mmoja juu ya kiti, na sigara imechomekwa nyuma ya sikio.

Mwaka 1940 alitoa santuri za nyimbo za wafungwa. Nyimbo hizo zilikusanywa kusini na mtu aitwaye Lawrence Gellert. Waliozitunga ni watu weusi waliofungwa minyororo miguuni na kulimishwa barabara. Josh aliziimba pamoja na kundi la vijana. Mmoja wao alikuwa Bayard Rustin. Tulikumbuke jina hilo, tutalikuta tena.

Mwaka 1941 Josh alishirikiana na mshairi mweusi, Waring Cuney. Wakatoa nyimbo sita za bluzi juu ya ubaguzi. Mwandishi mashuhuri Richard Wright aliziandikia utangulizi. Bluzi za zamani zilieleza mapenzi na safari. Hizi zilieleza nyumba mbovu za wapangaji, na mashamba yasiyomlisha anayeyalima. Zilieleza behewa la gari la moshi walilotengewa watu weusi. Zilieleza viwanda vya silaha ambavyo havikuwaajiri watu weusi, ingawa Marekani ilikuwa inajiandaa kwa vita.

Wimbo mmoja ulikuwa juu ya jeshi. Josh alikuwa amemtembelea ndugu yake William katika kambi ya jeshi. Akaona askari weusi wametengwa na askari Wazungu, tena wamewekwa mahali pabaya. Serikali ya Marekani huitwa kwa utani Mjomba Sam. Wimbo ulimlaumu Mjomba Sam kwa kuwaita watu weusi wapigane huku akiwabagua.

Mwaka ule ule Josh aliitwa kuimba Ikulu, mbele ya Rais Franklin Roosevelt. Akauimba wimbo huo huo. Josh alisimulia kwamba baadaye Rais alimwuliza kama Mjomba Sam wa wimbo ule ni yeye. Josh akajibu kwamba ndiye. Rais hakukasirika. Tangu hapo Josh na familia ya Roosevelt wakawa marafiki, hasa mke wa Rais, Bibi Eleanor. William naye akaja kufanya kazi nyumbani kwa Bibi huyo. Lakini jeshi lilibaki na ubaguzi wake muda wote wa vita. Amri ya kuuondoa ilitolewa na Rais Truman mwaka 1948.

Kababu moja

Wimbo uliompatia Josh jina kubwa zaidi ulikuwa wimbo wa kuchekesha. Ulitoka mwaka 1944. Habari yake ni hii. Mtu mmoja maskini ana senti 15 tu. Anaingia mkahawani. Anasoma bei zote za chakula. Fedha zake zinatosha kababu moja tu. Anaagiza kwa sauti ndogo. Kisha anaomba na mkate. Mhudumu anapaza sauti, watu wote wanasikia, kwamba anayenunua kababu moja hapewi mkate.

Asili ya wimbo huo ni utani wa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Harvard, aliyeishi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yeye aliandika juu ya donge la samaki. Wanafunzi matajiri waliuimba na kucheka. Watungaji wawili wa New York wakaubadili, donge la samaki likawa kababu ya nyama. Josh alipouimba, watu walicheka kwanza, kisha kicheko kikapungua. Josh aliijua njaa. Hakumcheka yule mtu mwenye senti 15. Alisimama upande wake. Naam, aibu ya kuhesabu senti mbele ya watu haihitaji mkalimani.

Pia aliuimba wimbo wa zamani wa kusini, juu ya nyumba moja ya New Orleans inayopoteza vijana. Aliurekodi miaka ya vita. Mwaka 1964 kundi la vijana wa Uingereza, The Animals, waliuimba kwa namna yao, ukajulikana dunia nzima.

Wimbo wa mti

Sasa tufike kwenye wimbo mzito kuliko yote.

Mwalimu mmoja wa shule huko New York, Abel Meeropol, aliona picha. Ilikuwa picha ya watu weusi walionyongwa mtini na kundi la Wazungu. Hakuweza kuisahau. Akaandika shairi, likachapishwa mwaka 1937. Linasema juu ya miti ya kusini na tunda la ajabu linaloning'inia matawini. Tunda hilo ni mwili wa mtu. Shairi likatiwa sauti, likawa wimbo.

Mwaka 1939 wimbo huo uliimbwa na Billie Holiday, mwanamke mweusi mwenye sauti ya pekee. Aliuimba katika ukumbi uitwao Café Society, huko New York. Ukumbi huo ulifunguliwa Desemba 1938 na Barney Josephson, mtu aliyewahi kuuza viatu. Yeye alitaka mahali ambapo Wazungu na watu weusi wataketi meza moja. Siku hizo hata New York hilo lilikuwa jambo geni.

Miaka michache baadaye Josh naye akaimba katika ukumbi huo, na wimbo wa mti akauimba. Wengine walinung'unika kwamba wimbo ule ni wa Billie, na kwamba hauwezi kuimbwa na mwanamume. Josh aliendelea.

Meeropol alikuwa ameona picha. Josh alikuwa ameona watu wenyewe. Yeye hakuwa anaigiza. Alikuwa anatoa ushahidi ambao hakuna mahakama iliyomwita kuutoa. Wateja waliokuja kunywa na kucheza walikaa kimya. Wengine waliondoka kwa hasira.

Katika ukumbi ule ule mwanawe mdogo, aliyeitwa pia Josh, alipanda jukwaani na baba yake. Alikuwa na miaka minne.

Mbele ya kamati

Vita kuu ya pili ilikwisha mwaka 1945. Baada ya hapo Marekani na Urusi zilikuwa maadui. Nchini Marekani ukatokea msako wa Wakomunisti. Mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wao, au kuimba mbele yao, alitiliwa shaka. Bunge lilikuwa na kamati ya kuwahoji watu. Aliyeshukiwa alipoteza kazi, hata kama hajavunja sheria yoyote.

Josh alikuwa ameimba katika mikutano mingi. Aliimba kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi. Aliimba katika mikutano ya kupinga ubaguzi na mauaji ya watu weusi. Wakomunisti walikuwamo katika mingi ya mikutano hiyo, maana wakati ule wao walipinga ubaguzi waziwazi, na vyama vikubwa vilisitasita. Josh hakuuliza kadi ya chama cha mtu.

Juni 1950 kilitoka kitabu chenye majina ya wasanii wanaoshukiwa. Jina la Josh White lilikuwamo. Wakati huo yeye alikuwa Ulaya, akisafiri pamoja na Bibi Eleanor Roosevelt. Huko alishangiliwa. Kwao alikuwa anaandikwa kama adui.

Angefanya nini? Paul Robeson, rafiki yake, alikataa kuinama. Serikali ikamnyang'anya pasipoti mwaka huo huo wa 1950, akazuiwa kutoka nje kwa miaka minane. Milango ya kumbi ikafungwa mbele yake. Josh aliyaona hayo. Alikuwa na mke na watoto watano. Tena alikuwa mtoto wa Dennis White. Alijua kinachompata mtu mweusi anayesimama wima mlangoni kwake.

Tarehe 1 Septemba 1950 Josh alikwenda mwenyewe mbele ya kamati. Alisema kwamba alidanganywa na watu waliotumia jina lake kwa faida ya siasa yao. Akapinga baadhi ya maneno ya Robeson juu ya watu weusi na vita. Lakini hakutoa orodha ya majina ya watu wengine ili nao waitwe. Kisha akafanya jambo ambalo kamati haikulitazamia. Alisema kwamba hataacha kuimba juu ya mauaji ya watu weusi. Akaweka maneno ya wimbo wa mti katika kumbukumbu za kamati. Yamo humo mpaka leo.

Je, alifanya vema au vibaya? Watu wamegombana juu ya jambo hilo miaka mingi. Wako waliosema kwamba alimsaliti Robeson. Wako waliosema kwamba aliokoa watoto wake bila kuuza wengine. Mwandishi wa habari hizi hakulala njaa na watoto watano huku kamati ikimngoja. Lakini hata mtu anayemhurumia Josh hana budi kukubali kwamba maneno yale juu ya Robeson yalimpendeza adui wa wote wawili.

Kwa vyovyote, hakupata alichokitaka. Wale waliomshuku waliendelea kumshuku. Walisema hakusema yote. Wale waliokuwa marafiki zake walimgeuzia kisogo. Walisema kwamba amesema mno. Kumbi za Marekani zikamkataa, televisheni ikamkataa, makampuni ya santuri yakamkataa. Waimbaji aliowafundisha walipita mbali naye.

Kurudi

Josh akatafuta riziki Uingereza. Huko London watu walimpenda. Aliimba katika redio na katika kumbi. Vijana wengi wa Uingereza walijifunza kupiga gitaa kwa kumtazama yeye, kama yeye alivyowatazama vipofu.

Mwaka 1955 kampuni ndogo ya santuri ya Marekani, Elektra, ilimpa nafasi tena. Mwenye kampuni alikuwa kijana, Jac Holzman. Hakuwaogopa waliomsusa Josh. Santuri hizo zilinunuliwa vizuri. Polepole Josh akaanza kuitwa katika vyuo na miji mingi.

Mwaka 1963 Rais John Kennedy alimwalika katika kipindi cha televisheni. Mlango wa televisheni uliofungwa miaka mingi ukafunguliwa. Tarehe 28 Agosti mwaka huo huo watu wapatao 250,000 walikusanyika mjini Washington. Walidai kazi na haki kwa watu weusi. Hapo ndipo Martin Luther King alipotoa hotuba yake kubwa. Mtu aliyeyapanga maandamano yale alikuwa Bayard Rustin, yule kijana aliyeimba na Josh nyimbo za wafungwa mwaka 1940. Josh White alikuwa miongoni mwa waimbaji wa siku hiyo.

Paul Robeson hakuwapo. Alikuwa mgonjwa huko Ulaya.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Moyo ulimsumbua mara nyingi. Ngozi yake ilipata ugonjwa uliomharibu kucha. Mpiga gitaa kama yeye hutegemea kucha kugusa nyuzi. Aliendelea kupiga hivyo hivyo, kwa maumivu, usiku baada ya usiku.

Tarehe 5 Septemba 1969 madaktari walimpasua ili kutengeneza moyo wake. Hakuamka. Alikuwa na miaka 55. Mwaka 1998 serikali ya Marekani, ile ile iliyomhoji, ilitoa stempu ya barua yenye picha yake. Na mwanawe, aliyepanda jukwaani akiwa na miaka minne, aliendelea kuziimba nyimbo zile kwa miaka mingi baada ya baba yake kufariki.